Kuhama kutoka PostgreSQL 9.6 na kusimba miunganisho ya matawi ya Pemba: kipi kitangulie?

Mtunza_Kanzidata (Unguja) ameuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Ninatunza mitambo ya chama kimoja cha kuweka na kukopa chenye ofisi kuu Mwanakwerekwe na matawi mawili kisiwani Pemba, moja Chake Chake na jingine Wete. Kanzidata yetu ni PostgreSQL 9.6 iliyowekwa juu ya Debian 9, na ukubwa wake ni gigabaiti kumi na kitu. Toleo hilo lilitoka Septemba 2016 na likaachwa kutunzwa Novemba 2021, na mfumo endeshi wenyewe haupati masahihisho ya usalama tangu katikati ya mwaka 2022. Makarani hutumia programu ya Java kwenye kompyuta za Windows, na ripoti za bodi hutolewa na ukurasa wa PHP uliopo ofisi kuu. Matawi huifikia seva kwa intaneti ya kawaida, kupitia poti 5432 iliyofunguliwa kwenye ruta yetu.

Niliyempokea kazi aliwahi kuihakikishia bodi kuwa mawasiliano yote yamesimbwa, yaani yamefichwa ili asiyehusika asiyasome. Na kweli, nikiingia kwa psql, programu ya amri ya PostgreSQL, kutoka kompyuta yangu naona ule mstari unaotaja TLS 1.2 (itifaki ya kusimba mawasiliano) na aina ya usimbaji. Hata hivyo, niliposikiliza pakiti kwa tcpdump upande wa seva wakati karani wa Wete anafungua akaunti, nilisoma jina la mwanachama, nambari ya kitambulisho chake cha Mzanzibari mkaazi na salio lake, vyote kwa herufi wazi.

Naomba ushauri wenu. Je, naweza kuruka moja kwa moja kutoka 9.6 hadi 17, au ni lazima nipande toleo baada ya toleo? Kuhama na kusimba nivifanye kwa pamoja? Na nifanye nini ili usimbaji uwe wa lazima kwa kila kompyuta, si kwa yangu peke yangu? Bodi imeniruhusu kuzima huduma usiku wa kuamkia Jumapili tu, na isiwe mwisho wa mwezi wala msimu wa karafuu, ambapo wanachama wa Wete huweka na kutoa fedha kwa wingi.

Bi_Takwimu amejibu:

Wa alaykumu ssalaam. Nianze na hilo la pakiti, kwa sababu ndilo zito kuliko mengine na halifai kungojea toleo jipya.

Debian huiweka PostgreSQL ikiwa na `ssl = on` na cheti cha kuanzia (kitambulisho cha kidijitali cha seva) kiitwacho snakeoil, kwa hiyo seva yenu iko tayari kusimba kwa kila anayeomba. Psql huomba yenyewe, kwa kuwa mpangilio wake wa kawaida ni `prefer`. Kiendeshi cha zamani cha Java hakiombi mpaka kiambiwe, na mstari wa `host` katika `pg_hba.conf`, faili la kanuni za nani aruhusiwe kuingia, humpokea anayeomba na asiyeomba bila ya kutofautisha. Bila shaka aliyekutangulia alipima muunganisho wa psql, akaamini kuwa wa makarani uko vile vile. Ukitaka kuona hali ya kila aliyeunganishwa, bila ya kusikiliza pakiti, iulize seva yenyewe:

`SELECT a.usename, a.client_addr, s.ssl, s.version FROM pg_stat_ssl s JOIN pg_stat_activity a USING (pid);`

Hata muunganisho wako wewe haujakamilika. Kwa `prefer`, mtu aliyekaa katikati ya njia akiliharibu ombi la kwanza la usimbaji, psql hurudi kwenye maandishi wazi bila ya kukwambia neno. `require` huzuia kurudi huko, lakini peke yake haikagui cheti ni cha nani. `verify-ca` hukagua kuwa cheti kimetiwa saini na mamlaka unayoiamini, na `verify-full` huongeza kulinganisha jina lililomo kwenye cheti na jina la seva uliyoiita. Kwa fedha na vitambulisho vya watu mimi sikubali chini ya `verify-full`, na nakuomba nawe usikubali.

Kwa hiyo rai yangu ni kuwa usimbe kwanza, kwenye hiyo hiyo seva kongwe, kisha ndipo uhame. 9.6 inaweza kusimba vizuri. Kinachokwamisha ni kompyuta za makarani. Weka Java 8 kila mahali, kwa sababu Java 7 inaijua TLS 1.2 lakini haiitumii mpaka uiwashe kwa mkono. Weka pia kiendeshi cha JDBC, kinachounganisha Java na kanzidata, cha 42.2 au cha baadaye, ambacho utakihitaji vyovyote vile utakapohamia toleo jipya. Kazi hii haihitaji kuzima huduma, na unaweza kuifanya tawi moja baada ya jingine.

Kisha tengeneza mamlaka yako ndogo ya vyeti kwa openssl, utoe cheti cha seva chenye jina lake katika sehemu ya `subjectAltName`, na makarani waiite seva kwa jina hilo, si kwa namba ya IP. Jina hili ndilo litakalokuokoa siku ya kuhama, kwani mashine mpya itapewa cheti chake chenye jina lile lile kilichotiwa saini na mamlaka ile ile, na karani wa Chake Chake hatabadilisha chochote. Faili la ufunguo wa seva liwe la mtumiaji postgres lenye ruhusa ya 0600, yaani mwenyewe tu kulisoma na kuliandika. Likiachwa wazi kwa wengine, seva hukataa kuwaka. Fahamu pia kuwa kwenye 9.6 cheti kipya hakisomwi mpaka uzime na kuwasha seva. Kusoma upya bila ya kuzima kulianza kwenye toleo la 10.

Kwenye programu ya makarani, anwani ya kuunganisha iwe hivi:

`jdbc:postgresql://jina-la-seva:5432/akiba?sslmode=verify-full&sslrootcert=C:/vyeti/mamlaka.crt`

Wakishaingia wote kwa usimbaji, na ile amri ya juu ikaonyesha hivyo, badilisha kila mstari wa `host` unaotoka nje kuwa `hostssl`, ambao hukubali miunganisho iliyosimbwa tu. Angalia mpangilio kwa makini, kwa sababu PostgreSQL husoma `pg_hba.conf` kutoka juu na kusimama kwenye mstari wa kwanza unaolingana; mstari mmoja wa `host` uliosahaulika juu huifanya kazi yote ya chini isiwe na maana. Mimi huongeza `hostnossl all all all reject` juu kabisa, ili asiyesimba akataliwe kabla ya kufika popote.

Sasa kuhama. Huna haja ya kupanda toleo baada ya toleo. Aliye kwenye MySQL 5.7 hulazimika kupita 8.0 kabla ya kufika 8.4, lakini PostgreSQL hukubali kuruka: zana za toleo la 17 husoma seva za kuanzia 9.2. Ningechagua 17 kutoka hazina ya PostgreSQL wenyewe, itakayotunzwa hadi Novemba 2029, kuliko 15 inayokuja na Debian 12, ambayo mwisho wake ni Novemba 2027.

Wengi watakwambia utumie pg_upgrade, zana ya kubadilisha toleo bila ya kutoa data, kwa kuwa ni ya haraka. Kwa hali yenu nashauri mashine mpya, na data itolewe na kurudishwa, na sababu yangu ni glibc, maktaba ya msingi ya Linux. Debian 9 ina glibc 2.24, na kuanzia 2.28, iliyoingia na Debian 10, utaratibu wa kupanga maneno ulibadilika sana. Indeksi ya majina (orodha ya kutafutia) iliyojengwa kwa utaratibu wa zamani ikihamishwa kama ilivyo, seva mpya huisoma kwa utaratibu mwingine. Utamtafuta mwanachama uambiwe hayupo ilhali yumo, na karani ataweza kumsajili mara ya pili hata kama jedwali linakataza marudio. Wala hutaona ujumbe wowote wa kosa. Kutoa na kurudisha data hujenga indeksi upya, na kwa ukubwa wenu kazi hiyo inaenea ndani ya usiku mmoja.

Tumia pg_dump, zana ya kutoa data, ya 17, ukiiendesha kutoka mashine mpya, si ile ya 9.6:

`pg_dumpall --globals-only -h seva-kongwe -U postgres > watumiaji.sql`
`pg_dump -Fd -j 4 -h seva-kongwe -U postgres -f /hifadhi/akiba akiba`
`psql -d postgres -f watumiaji.sql`
`pg_restore -C -j 4 -d postgres /hifadhi/akiba`
`vacuumdb --all --analyze-in-stages`

Usiiruke ile ya mwisho. Kanzidata iliyorudishwa haina takwimu za majedwali, na bila ya takwimu hizo seva huchagua njia mbaya za kutafuta. Jumatatu asubuhi makarani watalalamika kuwa mfumo mpya ni mzito kuliko wa zamani. Kabla ya yote, endesha kwenye seva kongwe `SELECT relname FROM pg_class WHERE relhasoids;`. Likitokea jedwali lenu lolote, peleleza kama programu inategemea safu ya oid, kwa sababu safu hiyo ya siri iliondolewa katika toleo la 12 na haitahamishwa.

Fundi_wa_Chake amejibu:

Nakubaliana na Bi Takwimu katika mengi, ila mimi ningeanza na kuifunga hiyo poti 5432. Kuiacha kanzidata ya fedha wazi kwa dunia nzima, hata ikiwa imesimbwa, ni kuwakaribisha wanaobahatisha nywila usiku na mchana. Weka WireGuard, programu ya handaki la mtandao lililosimbwa (VPN), kati ya ofisi kuu na matawi. Imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, usanidi wake ni wa mistari michache, na hustahamili mtandao unaokatika na kurudi, jambo ambalo sisi wa Pemba tunalijua vizuri. Muunganisho ukirudi, handaki huendelea bila ya karani kugusa kitu. Ukishakuwa na handaki hilo, sioni sana haja ya vyeti na mamlaka yake.

Bi_Takwimu amejibu:

Kaka, kufunga poti ni sahihi kabisa na nilipaswa kulitaja; lifanywe leo kabla ya kesho. Tunapoachana ni kwenye hilo la mwisho. Handaki la namna hii huishia kwenye ruta ya tawi. Kutoka ruta hadi kompyuta ya karani data inasafiri wazi, na kwenye ofisi nyingi njia hiyo ni Wi-Fi ile ile ambayo mgeni hupewa nywila yake akikaa kusubiri. Vivyo hivyo ofisi kuu, kati ya ruta na seva. Usimbaji wa kanzidata yenyewe huanzia kwenye programu ya karani na kuishia ndani ya seva, bila ya pengo. Kwa hiyo handaki lizuie wasiohusika wasiifikie poti, na vyeti vilinde kinachosomwa na kuandikwa. Moja halisimami mahali pa jingine.

Mzee_wa_Mizania amejibu:

Mwanangu, mimi ni mtu wa hesabu niliyefanya kazi na mafundi wa mitambo kwa muda mrefu, na nina mambo ya kuongeza kutoka upande huo.

Data ikisharudishwa kwenye seva mpya, usitosheke na kuhesabu safu mlalo za majedwali. Kabla ya kuzima ya zamani, toa mizania kamili ya kila tawi, jumla ya akiba, jumla ya mikopo isiyolipwa na jumla ya hisa, kisha zitoe tena kwenye seva mpya na mhasibu azilinganishe mpaka senti ya mwisho na kutia saini. Chagua pia wanachama kadhaa, hasa wenye majina ya kawaida yanayofanana, uwatafute kwa jina kwenye programu yenyewe. Seva kongwe iache kama ilivyo, imezimwa kanzidata tu, mpaka mwezi mmoja ufungwe salama kwenye mpya. Na usiku wa kazi hiyo hakikisheni betri za akiba za seva zote mbili zimepimwa, kwani umeme ukikatika data ikiwa inarudishwa, itabidi muanze upya ilhali muda mlioruhusiwa ni mfupi.

La pili ni nakala rudufu. Usimbaji mnaouzungumzia ni wa njiani. Haugusi data ikiwa imelala kwenye diski. Vyama vingi hupeleka nakala kisiwa cha pili ili janga lisizikute pamoja, na diski hiyo huvuka kwa boti ndani ya mkoba wa mtu. Ikipotea Malindi au Mkoani, aliyeiokota ana kila kitu. Ifungwe kwa `gpg --symmetric` kabla haijatoka ofisini, na nywila yake isisafiri pamoja nayo.

La tatu, ufunguo wa mamlaka ya vyeti usikae kwenye seva ya kanzidata. Atakayeuiba ataweza kutoa cheti cha seva bandia na kompyuta zenu zote zitamuamini. Uwekwe kwenye diski ndogo iliyosimbwa ndani ya kasha la chama, utolewe pale tu cheti kinapohuishwa.

Mtunza_Kanzidata (Unguja) ameandika:

Ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu awalipe. Poti imefungwa na handaki linafanya kazi kwa matawi yote mawili. Usimbaji kwenye seva kongwe umekamilika, `pg_stat_ssl` inaonyesha TLS 1.2 kwa kila karani, na nimerudia kusikiliza pakiti za Wete kwenye upande wa ndani bila ya kuona neno linalosomeka. Mizania ya seva ya majaribio ya toleo la 17 imelingana na ya zamani, na mhasibu ametia saini.

Nimebakiwa na mambo mawili. Kwanza, kwenye seva ya majaribio niliandika `scram-sha-256`, njia mpya ya kuthibitisha nywila, katika `pg_hba.conf`, na watumiaji wote wakakataliwa ingawa nywila ni sahihi. Ukurasa wa PHP nao ulitoa ujumbe kuwa SCRAM inahitaji libpq (maktaba ya kuunganishia PostgreSQL) ya toleo la 10 au zaidi. Pili, kompyuta moja ya Wete hukataa cheti asubuhi baadhi ya siku, ikitaja `CertificateNotYetValidException`, kisha karani akihangaika nayo hukubali. Cheti ni kile kile kinachokubaliwa na kompyuta ya pembeni yake.

Bi_Takwimu amejibu:

Hilo la kwanza lina mzizi wake kwenye data uliyoihamisha. Faili la watumiaji lililotolewa na pg_dumpall lilibeba nywila zikiwa zimehifadhiwa kwa md5, njia ya zamani, na nywila iliyohifadhiwa hivyo haiwezi kugeuzwa kuwa ya SCRAM. Ni lazima iwekwe upya. Rudisha neno `md5` kwenye `pg_hba.conf` kwa muda, kwa sababu neno hilo humpokea mwenye md5 na mwenye SCRAM pia. Hakikisha `password_encryption` ni `scram-sha-256`, kama ilivyo kawaida tangu toleo la 14, kisha uweke nywila ya kila mtumiaji upya kwa amri ya `\password` ndani ya psql, ambayo huigeuza nywila kabla ya kuituma, ili isibaki kwenye logi za seva. Orodha ya waliobaki utaipata hivi:

`SELECT rolname FROM pg_authid WHERE rolpassword LIKE 'md5%';`

Ikirudi tupu, ndipo uandike `scram-sha-256` kwenye kila mstari. Kwa ukurasa wa PHP hakuna njia ya mkato: mashine unaokaa imebaki na maktaba ya zamani, nayo ihamishiwe Debian 12 usiku ule ule. Ukiacha md5 kwa ajili ya ukurasa mmoja wa ripoti, itabaki humo kwa miaka.

Kwenye seva mpya huna haja ya kuandika kiwango cha chini cha TLS, kwa kuwa tangu toleo la 13 ni 1.2, na 1.3 itatumika yenyewe pale kompyuta ya karani inapoijua. Seva kongwe haikuwa na njia ya kuweka kiwango hicho, na matoleo ya 1.0 na 1.1 yameondolewa rasmi tangu Machi 2021.

Fundi_wa_Chake amejibu:

Hiyo kompyuta ya Wete naikisia bila ya kuiona. Mwambie karani, siku itakapokataa, aangalie tarehe kwenye kona ya chini ya skrini kabla hajagusa kitu chochote. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, kompyuta ikikosa umeme usiku huamka na tarehe ya miaka mingi nyuma, na kwa tarehe hiyo cheti chenu bado hakijaanza kufaa. Baadaye Windows hupata saa sahihi kutoka intaneti, na ndiyo maana karani huona imekubali baada ya kuhangaika. Betri ni ya aina ya CR2032 na maduka ya Chake Chake na Wete wanayo. Abadilishiwe, kisha uisanidi Windows ilinganishe saa mara tu inapowaka. Ukipita matawini, kagua na kompyuta nyingine zilizonunuliwa pamoja na hiyo, kwa sababu betri zake zina umri mmoja. Usimruhusu mtu akushawishi kurudi kwenye `require` kwa ajili ya kompyuta hiyo. Pamoja na kuacha kukagua tarehe, kompyuta itaacha kumkagua na mwenye cheti.

Mtunza_Kanzidata (Unguja) ameandika:

Karani ameniletea picha ya skrini asubuhi hii, na tarehe ilikuwa 1 Januari 2012. Betri inabadilishwa leo, na nimewaomba Chake Chake wakague zao. Kuhama kumepangwa usiku wa kuamkia Jumapili ya pili ya mwezi ujao, ukurasa wa PHP ukiwemo.